Bwana Shamba Aliyeniomba Nimnyime

Watu wa huku Mkonze wakimtaja Bwana Shamba wanaanza na zabibu. Mimi naanza na katoni ya sumu, kwa sababu ilikaa nyumbani kwangu, chini ya kitanda changu. Kwa siku nane niliamini nimepewa zawadi. Kumbe yule mzee alikuwa anapigania uhai wake, na ile katoni ndiyo aliyokuwa anaikimbia. Nasema mapema kwamba sikuelewa kitu, ili mtu asije akanisifu mwishoni.

Alikuwa afisa ugani, lakini hapa hakuna aliyemwita hivyo. Serikali ilimleta akiwa kijana, ikamstaafisha akiwa na mvi, naye hakuondoka. Kwao ni upande wa Chemba, kwa wale ambao lugha yao ina milio ya ulimi kama mtu anayehimiza punda. Akikasirika, Kiswahili kilimwisha akaanza ile milio, na sisi Wagogo tulioko mashambani tukajua kuna mzabibu mahali umekatwa vibaya.

Nyumbani kwako alipiga hodi mara tatu na kusubiri nje hata kama mnatazamana. Shambani hakupiga hodi. Alisema nyumba ni yako, lakini mmea ni wa taaluma. Unainuka kunyoosha mgongo, unamkuta yuko mstari wa pili, mikono nyuma, anatikisa kichwa.

"Hapa amepogoa nani?"

"Mimi, Bwana Shamba."

"Kwa jembe?"

"Kwa mkasi."

"Basi huo mkasi urudishe ulikoutoa, wamekupa jembe."

Ndivyo alivyosalimia. Miaka yote niliyomjua hakuwahi kuniambia shamba langu ni zuri. Mwaka ambao nilivuna vizuri kuliko wote wa mtaa huu alikuja akatazama, akasema, "Mvua imekusaidia." Nikakumbuka mwaka huo mvua ilikuwa haba. Sikumwambia, nilimwacha na maneno yake.

Neno lake kubwa lilikuwa moja: soma lebo. Alisoma maandishi ya chupa ya dawa ya mizabibu kama mchungaji anavyosoma somo la kwanza, amesimama, kofia mkononi. Kipimo, siku za kusubiri kabla ya kuvuna, mwisho wa matumizi, vyote. Harusini aliletewa soda akaigeuza kwanza kutafuta tarehe, bwana harusi anasubiri tugonganishe chupa. Mimi niliishia darasa la nne, na kusoma kwangu ni kwa kidole, kwa hiyo alinisomea yeye, akanifanya nirudie. Mpaka leo najua kwa moyo jinsi ya kuchanganya salfa. Amri kumi nazijua saba.

Sasa huyo huyo aliyetukataza kupulizia bila kitambaa puani, yeye mwenyewe hakufunga hata siku moja. Ukimuuliza anasema, "Mimi zimenizoea." Na zabibu alikuwa hali. Zilimjaza gesi. Alifundisha wilaya nzima kulima kitu ambacho tumbo lake halikitaki, na hakuona ajabu yoyote.

Jambo jingine, alikuwa mchoyo wa dawa. Chakula alitoa, mbegu alitoa, baiskeli aliazima mpaka ikarudi bila kengele. Lakini dawa za shambani hakukupa hata kizibo kimoja. "Nikikupa mimi utapima kwa jicho," alisema. "Nenda dukani ukauziwe kitu chenye karatasi yake." Mimi nilimwomba mara nyingi, na mara zote nilirudi na bomba tupu mgongoni. Hilo la uchoyo lishikeni, kwa sababu ndilo lililonipoteza.

Mke wake alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kicheko kirefu, na ndiye pekee mtaani aliyeweza kumwambia, "Nyamaza sasa, wamesikia." Alifariki kwa presha, ghafla, ndoo ya maji bado iko mlangoni. Siku ya maziko Bwana Shamba alisimama ukingoni akawaambia wachimbaji udongo ule ni wa mfinyanzi, wasikanyage kingo watateleza. Hakulia. Aliwaonyesha namna ya kushika kamba, akashukuru watu, akaenda nyumbani. Wengi walisema ana moyo wa jiwe. Mimi pia nilisema, na nilisema kwa sauti, tena nikiwa nakula wali wa msiba wake.

Kilio chake kilikuja miaka mitatu baadaye, na hakikuja kama kilio.

Cha kwanza nilichoona kilinifurahisha. Mizabibu yangu ilikuwa imeshikwa na ubwiri unga, ule ugonjwa unaofanya majani yaonekane kama yamemwagiwa unga wa sembe. Bwana Shamba akaja, akasimama mstari wa pili, akatazama. Nikangoja matusi. Akasema, "Sawa." Akaondoka. Nikamwambia mke wangu, leo nimefaulu. Mke wangu akatoka kutazama majani, akarudi, akasema, "Huyo mtu anaumwa."

Nikamwambia wanawake mnapenda kuzusha.

Lakini yeye alishaanza kuhesabu. Hanyoi ndevu. Mizabibu yake haikupogolewa msimu ule, na mtu aliyeweza kukosa kwenda kanisani hakuwahi kukosa kupogoa. Kiti chake kilichokuwa barazani, ambapo aliwakagua wapita njia, alikuwa amekihamishia nyuma ya nyumba, kinatazama ukuta. Sio shamba, sio barabara. Ukuta. Ukimsalimia anaitika vizuri, halafu maneno yanakatika hapo, unabaki umesimama kama mtu aliyesahau alichofuata.

Ngoja niseme kitu kuhusu mdogo wangu, halafu nitarudi. Mdogo wangu alikaa Ihumwa, karibu na reli. Naye aliwahi kunyamaza hivyo hivyo. Tukienda anatuletea viti, anakaa pembeni, hasemi. Tulisema ana majivuno tangu ajenge nyumba ya bati. Tulimzika na majivuno yake. Sasa narudi kwa Bwana Shamba.

Mtaa wote ulikuwa na sababu ya ugonjwa wake kabla hata mtu mmoja hajamuuliza. Mzee wa kanisa alisema ameacha maombi. Jirani wa upande wa juu alisema ni kijicho cha watu wa kwao, wamemtupia kitu kwa sababu alijenga ugenini. Vijana wa bodaboda walisema ni stresi, na wao kila kitu ni stresi, hata pancha. Mimi nilikuwa na yangu, kwamba zile dawa alizopulizia bila kitambaa zimempanda kichwani, na niliieleza kwa watu wengi kwa uhakika mkubwa. Mke wangu peke yake hakuwa na sababu. Yeye alimpelekea uji kila asubuhi, akarudi na bakuli limejaa.

Basi, Jumatatu moja Bwana Shamba akapiga hodi mara tatu. Amebeba katoni kichwani, yeye ambaye hakuwahi kubeba kitu kichwani. Ndani kulikuwa na chupa zake zote za dawa za wadudu, zimepangwa, lebo zikitazama upande mmoja. Akaiweka miguuni pangu.

"Kaa nazo hizi," akasema.

"Zote?"

"Zote. Na hata nikija kuziomba, usinipe."

"Hata moja?"

"Hata kizibo. Hata nikikasirika. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia. Nilimpa mkono, nikamshukuru sana, nikamwombea baraka. Aliniangalia kama mtu anayesubiri nimalize sentensi, kisha akaenda zake. Mimi nilichoelewa ni kwamba mtu mchoyo ameamua kutoa, na kwa kuwa anajijua, amejifunga mwenyewe ili asije akajutia. Niliona ni uungwana wa hali ya juu. Nikaiweka katoni chini ya kitanda, na Jumatano nikafungua chupa moja nikapulizia viwavi vya nyanya. Nilipima kwa jicho.

Siku ya nane, asubuhi, jua bado halijapata nguvu, akaja tena. Safari hii hakupiga hodi. Alisimama uani, shati limefungwa vifungo vya kupishana.

"Jirani, nipe chupa moja."

Mimi moyoni nikasema, naam, uchoyo umerudi. Nikajibu kwa sauti ya mwenye mali, "Ulisema nisikupe."

"Nipe ile ndogo. Wadudu wamevamia."

"Ulisema hata kizibo."

"Ni yangu."

"Ilikuwa yako. Ulinipa, nikakushukuru, nikakuombea. Sasa ni yangu, na siitoi."

Namweleza msomaji kama ilivyokuwa. Sikuwa na busara yoyote. Nilikuwa nafikiria nyanya zangu. Nilimnyima rafiki yangu sumu kwa uchoyo mtupu, kama yeye alivyoninyima miaka yote, na nilisikia utamu kidogo.

Akasimama pale muda mrefu. Halafu akakaa chini uani, kwenye vumbi, suruali yake ya kitambaa. Akasema, "Ahsante."

Nikadhani ananikejeli. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa amesikia yote. Akachuchumaa mbele yake.

"Shemeji," akamwambia, "mizabibu yako imepukutika yote. Unataka kumpulizia nani?"

Bwana Shamba akatazama vidole vyake vya miguu.

"Hakuna mdudu, shemeji," akasema. "Ni mimi."

Mke wangu hakupiga kelele. Aliniambia, "Vaa viatu, ita pikipiki." Nilikuwa bado nimesimama kwa ile sura ya mwenye mali. Ilichukua muda kuiondoa usoni.

Tulikwenda mshikaki, dereva mbele, Bwana Shamba katikati, mimi nyuma nimemkumbatia kiunoni. Tulikwenda ile hospitali ya mjini ambayo ukitaka kumtukana mtu Dodoma nzima unamuuliza ametoroka lini huko. Mimi mwenyewe nimelitumia tusi hilo, hata kwa mbuzi. Njiani dereva alipita upande usio wake mara mbili, na Bwana Shamba, ambaye zamani angemshusha na kumfundisha, alinyamaza. Hapo ndipo nilipoogopa.

Daktari alikuwa binti mdogo, miwani mikubwa. Akatuamkia shikamoo sote wawili, akatupa viti. Nilitegemea kuta zenye vyuma na watu wanaolia. Kulikuwa na benchi, feni na kalenda. Akina mama wawili walikuwa wanasuka ukili wakisubiri zamu.

"Baba, usingizi ukoje?"

"Nalala."

"Unaamka saa ngapi?"

"Saa tisa. Kisha nangoja kuche."

"Chakula?"

"Natafuna. Ni kama karatasi."

"Kuna kitu unakifurahia siku hizi?"

Akafikiri kweli, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. "Hapana. Vipo palepale, lakini haviniiti."

"Umewahi kufikiri kufa, au kujiua?"

Nikataka kuingilia kati, kwa sababu mzee haulizwi hivyo na mtoto. Bwana Shamba akajibu kabla yangu.

"Kila siku. Baada ya chai."

Binti akaandika, hakushtuka. Akauliza dawa za shambani ziko wapi. Mimi nikanyoosha mkono kama mwanafunzi, nikasema ziko chini ya kitanda changu, na moja nimeitumia. Akaniambia zisirudi kwake, zisiwe pia chini ya kitanda, na kwamba kumnyima kulikuwa jambo jema kuliko yote yaliyofanyika wiki ile. Nilitaka kumweleza ukweli kuhusu nyanya. Mke wangu hakuwepo, kwa hiyo sikueleza. Zile chupa tulizipeleka ofisi ya kilimo ya kata kesho yake.

Daktari akatuambia ugonjwa huo unaitwa sonona, unatibika, na wengi wanao. Sasa hapo Bwana Shamba akauliza swali la kwanza tangu asubuhi.

"Kisababishi chake ni nini?"

Maana yeye ugonjwa wowote shambani aliuweka kwenye mafungu matatu. Ni mdudu, au ni kuvu, au ni mkulima mwenyewe. Nje ya hapo hakukubali.

Daktari akasema si kitu kimoja. Akamuuliza kama kuna ndugu aliyewahi kuwa hivyo. Bwana Shamba akasema baba yake mdogo alikuwa anakaa nyuma ya zizi miezi mizima, wakawa wanamwita mvivu. Daktari akauliza habari za mke. Akauliza amestaafu lini, anaongea na nani kwa siku. Akasema huzuni isiyopewa nafasi, upweke, kazi iliyokwisha, damu ya ukoo, na mwili wenyewe, vyote vinaweza kuchangia, na akampima damu kuona kama hakuna ugonjwa mwingine uliojificha. Akasema kwenye ubongo kuna mambo yanayobadilika, dawa inasaidia kuyarekebisha, ila hata wao madaktari hawajayajua yote.

"Kwa hiyo kosa ni la mkulima," akasema Bwana Shamba.

"Hapana, baba. Hakuna kosa."

Hakupenda. Nilimwona. Ugonjwa usio na wa kulaumiwa ulimuudhi hata katika hali ile.

Akapewa vidonge, kimoja kila siku asubuhi, na siku za kurudi kuongea na mshauri. Mke wangu ndiye aliyevishika. Bwana Shamba alikuja kwetu kila asubuhi, anameza mbele yetu, anakunywa uji, anakaa. Wiki ya kwanza kinywa kilimkauka na tumbo likamchafuka. Akawa anatembea uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Siku ya kumi akaja amevaa koti. Akachukua pakiti mezani.

"Hii dawa ni feki," akasema.

Hapa lazima nimtetee. Huku tumeuziwa dawa za mashambani feki mpaka tumechoka, na yeye ndiye aliyetufundisha kwamba ukipulizia na siku ya kumi mdudu bado anatembea, rudi dukani na chupa yako, usione haya. Basi akarudi na pakiti yake. Nilimfuata kwa mguu mpaka stendi, nikapanda naye. Akaingia kwa daktari bila kuitwa.

"Nimesoma lebo," akasema, akiweka pakiti mezani. "Tarehe ni nzuri. Lakini siku ya kumi leo, na mdudu yuko hai."

"Baba, nilikuambia wiki ngapi?"

Akaigeuza pakiti kutafuta.

"Nilikuambia wiki nne, pengine sita. Siku ile hukuweza kusikia, si kosa lako. Hii haifanyi kazi kama dawa ya wadudu. Madhara yanatangulia, nafuu inafuata."

"Dawa gani inayoanza na hasara?"

"Hii."

"Na nikiacha?"

"Usiache bila kuniambia mimi. Hata ukipona, usiache ghafla. Na fikra zile zikizidi, njoo siku hiyo hiyo, hata bila zamu."

Akageuka kunitazama mimi, kama vile ndiye niliyeitengeneza. Kisha akachukua pakiti yake. Nje akaniambia, "Yule binti anajua kazi yake, ila hana lugha ya kuuzia." Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote za mwezi ule. Sikumjibu, nisije nikaivunja.

Habari za vidonge hazikufichika. Huku jirani akiwa na dawa iliyomfaa, watu wanakuja kuomba waonjeshwe, ya kikohozi, ya mgongo, ya macho. Mama mmoja akaja kuomba kimoja tu, kwa ajili ya mume wake ambaye si mgonjwa ila ana gubu. Bwana Shamba alikuwa amekaa pale pale. Akasema, "Mama, nenda hospitali ukaandikiwe kitu chenye karatasi yake." Yule mama akaondoka akisema mzee huyu hajabadilika. Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

Binti wa Bwana Shamba, mwalimu kule Kongwa, akaja siku moja amefunga kitambaa, anataka kumchukua baba yake akaombewe, na vidonge avitupe, atakuwa mtumwa wa vidonge. Walizungumza barazani kwetu. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nitakuja kuombewa," akasema. "Mungu simkatai. Lakini nitakuja na pakiti."

"Baba, huo ni upungufu wa imani."

"Mama yako alipewa dawa za presha akawa anaziacha akijisikia vizuri. Imani yake ilikuwa kubwa kuliko yangu na yako ukijumlisha."

Binti akalia. Na yule mzee, ambaye hakulia makaburini, akalia naye, kwa sauti mbaya ya mtu asiyezoea, mpaka mbuzi wakainua vichwa. Mimi nikaenda kutazama mizabibu, ambayo haikuwa na haja ya kutazamwa. Kongwa alikwenda, akaombewa, akarudi baada ya siku nne na pakiti imepungua vidonge vinne. Mke wangu alivihesabu.

Nafuu yenyewe sikuiona ikiingia. Nilidhani itakuwa kama mvua ya kwanza, watu wanatoka nje. Haikuwa hivyo. Wiki ya sita hivi tulikuwa tunakula ugali wa uwele na mlenda. Bwana Shamba amekula matonge matatu. Akaweka la nne pembeni.

"Shemeji," akasema, "mlenda wako hauna chumvi."

Mke wangu akainuka akaingia jikoni. Akakaa huko. Nikamfuata kumwambia asikasirike, ni mgonjwa. Nikamkuta ameshika kopo la chumvi, machozi yanamtiririka, anacheka. Alipojifuta akatoka, akaweka kopo mezani kwa kishindo, akasema, "Haya, jiwekee, umezidi kudeka."

Sio kwamba kila siku ilikuwa hivyo. Zilikuwepo siku za ukuta. Alikuwa anakuja, anameza, anarudi kulala. Mshauri alimwambia siku hizo atoke hata akiwa hataki, afanye kazi ndogo. Tukaanza kupogoa mstari mmoja kwa siku, mmoja tu, mimi nakata, yeye amekalia ndoo. Mwanzo alinyamaza. Baadaye akawa anakohoa kila nikikosea. Halafu siku moja nikasikia ile milio ya ulimi nyuma yangu, mfululizo, sijui maana yake, na sijawahi kutukanwa vizuri namna ile.

Aliendelea na vidonge zaidi ya mwaka. Ndipo yule daktari akaanza kumpunguzia, kidogo kidogo, miezi kadhaa, mpaka akamwambia sasa tujaribu bila. Akamwambia ugonjwa huu unaweza kurudi, na ukirudi si aibu, dawa ipo. Akataka mtu wa karibu amtazame, kwa sababu mgonjwa mwenyewe huwa wa mwisho kujua.

Akaja kwangu asubuhi, akapiga hodi zake tatu.

"Nataka unitazame," akasema.

"Nikutazame nini?"

"Wewe nitazame tu. Ukiona nimekuwa mpole, mwambie shemeji. Wewe huna akili ya mambo haya, lakini macho unayo."

Nikakubali kazi. Ni kazi ngumu kuliko unavyodhani, kumtazama mtu mzima bila yeye kukwambia umekodoa. Nilihesabu matonge yake. Nilitazama kiti chake kiko upande gani. Akisema "sawa" namwuliza sawa nini. Alichoka nami ndani ya wiki mbili, lakini hakunifukuza.

Juzi nilikuwa shambani, nimeinama. Nikamwona anapita njia ya juu, kofia imeshuka usoni, mkono umeshika shavu. Nikaita, "Bwana Shamba!" Hakuitika. Mstari wangu wa mwisho ulikuwa umepogolewa vibaya, tena ule unaopakana na njia, hakugeuza hata shingo.

Nikaacha mkasi chini. Nikamfuata. Nilipita mwiba, nikapita changarawe, nikapita kwa mafundi baiskeli ambao waliniuliza nani amefariki. Mzee wa umri wangu akikimbia, watu hawana sababu nyingine ya kufikiria. Nikampoteza kwenye kona ya mashine ya kusaga. Pale nikamkumbuka mdogo wangu, na viti alivyokuwa anatuletea.

Nikamkuta kwenye benchi la zahanati, peke yake, amejiinamia. Nikakaa. Pumzi sina.

"Hukunisalimu," nikasema.

Akanigeukia polepole. "Jino."

"Jino gani?"

"La nyuma. Tangu jana."

"Fungua."

"Wewe ni daktari?"

"Ulisema nikutazame. Fungua."

Akafungua kinywa. Nikainama nikatazama. Lilikuwa pale, jeusi, limetoboka, fizi imevimba kama zabibu. Sijawahi kufurahia kitu kibaya kiasi kile. Nikalitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Umeliona?"

"Nimeliona."

Akafunga kinywa. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini, macho yakaishia miguuni pangu. Kidole kilikuwa kinatoka damu.

"Umenifuata bila viatu?"

"Nilikuwa shambani."

"Mbele za watu?"

"Hukunisalimu."

Akarudisha mkono shavuni. Kisha akasema ile foleni ni ndefu, na mimi nina kazi, na mstari wangu wa mwisho kule njiani ni aibu ya kata nzima, na miguu ile itapata tetenasi, niende nyumbani nikavae viatu.

Sikwenda.